Bangi Kenya: kabla ya kubishana kuhusu kuhalalisha, turekebishe mizani

Mjadala wa bangi Kenya huwaka na kuzimika. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alitangaza kwamba anaandaa mswada wa kuondoa adhabu kwa wanaoitumia na kuilima. Mwaka 2021 Warastafari walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba marufuku hiyo inakanyaga imani yao. Mwaka uliofuata George Wajackoyah alizunguka nchi nzima akinadi bangi ya kuuza ng'ambo ili kulipa deni la taifa, akaambulia kura 61,969. Upande wa pili NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haijalegea: utafiti wake wa 2022 ulikadiria watumiaji 518,807 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65, na mamlaka hiyo inaichukulia idadi hiyo kuwa sababu ya kukaza kamba, si ya kuilegeza.

Katika kelele zote hizo kuna swali linalorukwa. Mtu akipatikana na misokoto miwili mfukoni, sheria inamhesabu mvutaji au mlanguzi? Jibu lake linategemea gramu, na gramu ndizo sheria yetu imeziandika vibaya kuliko kitu kingine chochote. Makala haya yanashikilia jambo hilo kwa sababu linaweza kurekebishwa na Bunge bila kungoja nchi ikubaliane kuhusu maduka ya bangi, mashamba ya bangi au bangi ya hospitali.

Tuifungue sheria yenyewe. Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya 1994 ilirekebishwa mwaka 2022. Kifungu cha 3 kinahusu kupatikana na dawa. Kwa bangi ya matumizi ya mtu binafsi, adhabu sasa ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kabla ya hapo ilikuwa miaka kumi, kwa hiyo Bunge lilipunguza makali, na hilo ni la kusifiwa. Lakini sharti la zamani lilibaki pale pale: ni lazima mshtakiwa mwenyewe airidhishe mahakama kwamba bangi ile ilikuwa yake ya kutumia tu. Haitajwi gramu hata moja. Hakuna mstari unaosema kwamba chini ya kiasi fulani mtu ni mvutaji mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa hamia kifungu cha 4, cha ulanguzi. Huko gramu zimeandikwa. Kuanzia gramu 1 hadi 100, faini isiyopungua shilingi milioni 30 au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili. Zaidi ya gramu 100, faini isiyopungua milioni 50 au mara tatu ya thamani ya mali sokoni, kubwa kati ya hizo mbili ndiyo itakayotumika, au kifungo cha miaka 50. Hakuna jedwali la kutenganisha heroini na bangi. Gramu moja ya heroini ni kete kadhaa za mtu aliyezama kwenye uraibu. Gramu moja ya bangi ni msokoto mmoja mnene, au miwili mitatu myembamba, kwa kuwa msokoto mwembamba huwa na kati ya theluthi na nusu ya gramu. Kwa maneno mengine, ngazi ya chini kabisa ya ulanguzi inaanzia kwenye kiasi ambacho mvutaji wa kawaida anakimaliza jioni moja.

Utasema: lakini lazima awe analangua. Soma basi tafsiri ya ulanguzi katika kifungu cha 2. Ndani yake mna kuingiza nchini, kutoa nchini, kutengeneza, kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, kubeba, kupeleka na kusambaza. Kununua kumo. Kumpa mwenzako kumo. Kuhifadhi kumo, na kubeba kumo. Mvutaji aliyenunua misokoto mitatu Jumamosi, akaiweka droo, kisha akapanda nayo matatu Jumapili, amefanya mambo matatu yaliyotajwa kwa jina katika tafsiri hiyo kabla hajawasha kiberiti. Isitoshe, kifungu cha 4 baada ya marekebisho kinamtaja anayelangua na pia anayepatikana na dawa, kwa hiyo ukuta kati yake na kifungu cha 3 ni mwembamba mno.

Anayeamua mtu aangukie upande gani wa ukuta huo ni afisa anayeandika mashtaka kituoni. Misokoto ile ile mitatu inaweza kuwa kosa la faini ya elfu kumi, au kosa la milioni 30. Mahakimu wengi wana busara. Mwenye misokoto miwili akikiri kosa hupigwa faini ndogo, au huwekwa chini ya uangalizi, au hupewa kazi chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998. Mahakama ya Rufani nayo ilifafanua mwaka 2014 kwamba adhabu za kifungu cha 4, kama zilivyoandikwa wakati huo, zilikuwa kiwango cha juu na si lazima kila mlanguzi afungwe maisha. Lakini busara ya hakimu hufika siku ya hukumu. Kabla ya hapo kuna msako, seli, mazungumzo ya pembeni kuhusu kitu kidogo, na rumande. Pengo kati ya elfu kumi na milioni 30 ndilo bei ya mazungumzo hayo. Kijana wa Mathare au Majengo hana wakili wa kumwambia kwamba afisa anamtisha tu, na wala si hakika kwamba anamtisha tu.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe, maana hapa ndipo kesi hushindwa au hupotoshwa, na wanasiasa hawapagusi kabisa.

Kifungu cha 74A kimeeleza vizuri kinachopaswa kufanyika. Dawa zikishakamatwa, maafisa walioidhinishwa wanatakiwa kupima uzito wote mbele ya mshtakiwa na wakili wake pale inapowezekana, akiwepo mkemia aliyeteuliwa. Mkemia ndiye anayechukua sampuli, anaipima na kuichunguza, na ripoti yake inaingia kortini. Thamani ya sokoni nayo ina cheti chake chini ya kifungu cha 86, kinachotolewa na afisa aliyetangazwa kwenye Gazeti la Serikali, si na afisa yeyote aliyesikia bei mtaani. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Katika maisha ya kawaida ya kituo, misokoto inahesabiwa, inafungwa kwenye bahasha ya kaki, na hati ya mashtaka inaandikwa idadi ya misokoto na thamani yake kwa shilingi. Uzito unakuja baadaye kutoka maabara ya serikali, au hauji. Kukosekana kwa hatua za 74A mara nyingine kumemwokoa mshtakiwa katika rufaa, na mara nyingine mahakama imeona si kasoro ya kuangusha kesi. Rufaa zimewahi kufaulu pia kwa sababu hati ilisema tu "ulanguzi" bila kutaja ni tendo gani kati ya yale yaliyoorodheshwa.

Ukitaka gramu ziwe na maana, lazima useme zinapimwaje. Kosa la kwanza ni karatasi. Msokoto uliofungwa kwa gazeti au kwa karatasi ya daftari unaweza kuwa na karatasi inayokaribia uzito wa majani yaliyomo. Misokoto 20 ikipimwa pamoja na karatasi zake, uzito unaoandikwa ni wa uongo. Sheria iseme wazi: uzito halisi, bila karatasi, bila mfuko, bila bahasha.

Kosa la pili ni mbegu na mabua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao sheria zetu zimeufuata, unaeleza bangi kuwa ni vichwa vya maua au matunda vya mmea, ukiacha mbegu na majani yasiyoandamana na vichwa hivyo. Bangi inayouzwa mitaani kwetu imejaa mbegu na vijiti. Mtu akipondaponda gramu 30 za mzigo wa aina hiyo na kuchambua, sehemu kubwa hutupwa. Kupima vyote pamoja ni kumwongezea mtu miaka kwa vitu ambavyo hata mkataba hauviiti bangi.

Kosa la tatu ni maji. Mmea mbichi ni maji kwa robo tatu au zaidi ya uzito wake. Kilo moja ya vichwa vilivyokatwa asubuhi ikikaushwa vizuri hubaki na gramu 200 hadi 250. Kwa mkulima aliyepatikana na mimea mitano nyuma ya nyumba tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe, na ikumbukwe kwamba kulima kuna kifungu chake cha 6, chenye faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani, au kifungo kinachofika miaka 20. Mizigo mibichi iliyofungiwa kwenye gunia la plastiki pia huoza na kuota ukungu, na baada ya miezi sita stoo ya vielelezo uzito wake haufanani na wa siku ya kwanza. Wakili akiomba ipimwe upya, kila mtu anashangaa, na shaka inaangukia polisi hata kama hawajachukua kitu. Dawa yake ni kuandika hali ya mzigo siku ya kwanza, mbichi au mkavu, kukausha kabla ya kutoa uzito wa mwisho, na kutunza kwenye mfuko wa karatasi unaopumua.

Kosa la nne ni kifaa. Mizani ya duka yenye hatua za gramu tano haiwezi kumwambia hakimu kama mtu alikuwa na gramu 0.8 au 1.2, na katika sheria yetu tofauti hiyo ni tofauti kati ya shilingi 100,000 na milioni 30. Kwa kazi hii inahitajika mizani inayosoma hadi gramu 0.01, iliyokaguliwa na Idara ya Vipimo kama mizani ya muuza nyama inavyokaguliwa, na nambari ya mizani pamoja na tarehe ya ukaguzi viandikwe kwenye ripoti. Ni kifaa cha bei ndogo, na kila kituo kinaweza kuwa nacho.

La tano ni sampuli. Mzigo wa misokoto 60 haupimwi kwa kuchunguza mmoja na kusema yote ni bangi. Njia inayotumika sana katika maabara, na iliyoelezwa katika miongozo ya Umoja wa Mataifa, ni nyepesi: vipande visivyofika 10, chunguza vyote, kati ya 10 na 100, chagua 10 bila kupendelea, zaidi ya 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani kwa misokoto 400 uchunguze 20. Ripoti ya mkemia iseme ni mingapi ilichunguzwa na ilichaguliwaje. Wakili wa mshtakiwa asipoona mistari hiyo miwili, ana haki ya kuuliza, na hakimu ana haki ya kusikia jibu.

Wengine wameshapita njia hii, na makosa yao yana faida kwetu kuliko mafanikio yao. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya 1992 iliyosema kwamba anayepatikana na zaidi ya gramu 115 za bangi anachukuliwa kuwa muuzaji mpaka athibitishe vinginevyo. Novemba 1995 Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele hicho katika kesi ya Bhulwana, kwa sababu kilimbebesha mshtakiwa mzigo wa kujitetea kabla serikali haijathibitisha kwamba alikuwa anauza. Angalia vizuri: huko gramu 115 zilionekana ni uonevu. Sisi tunaanza na moja. Na kifungu chetu cha 3 kinamtaka mshtakiwa airidhishe mahakama hata akiwa na nusu msokoto. Ibara ya 50 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia. Kwa maoni yangu kipengele hicho hakiwezi kusimama siku kitakapopingwa kikamilifu, na ni aibu Bunge lingoje mahakama.

Afrika Kusini hiyo hiyo ilikwenda mbele tarehe 18 Septemba 2018, pale Mahakama ya Katiba ilipoamua, kupitia hukumu ya Jaji Raymond Zondo, kwamba mtu mzima anaweza kutumia, kumiliki na kulima bangi kwa matumizi yake faraghani. Lakini mahakama haikutaja kiasi, ikasema polisi aangalie mazingira yote, uzito ukiwa mojawapo. Matokeo yake kamatakamata iliendelea kwa miaka. Rais Ramaphosa alitia saini sheria ya bangi ya faragha Mei 2024, na hata hiyo imeacha viwango viandikwe kwenye kanuni za waziri. Haki isiyo na kipimo humfaa mwenye wakili na ukuta mrefu nyumbani. Anayelala watu sita chumba kimoja hana faragha ya kuidai.

Ureno ilifanya kinyume, ikaandika kiasi waziwazi. Tangu Julai 2001, mtu akipatikana na dawa ya matumizi yake isiyozidi ya siku kumi, ambayo kwa majani ya bangi imehesabiwa kuwa gramu 25, haendi mahakama ya jinai. Anapelekwa mbele ya kamisheni ya eneo lake, na kamisheni inaweza kumtoza faini, kumshauri, kumpeleka kwenye matibabu au kusitisha shauri. Mpango huo umesifiwa dunia nzima, lakini ulikuwa na mtego. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Ureno iliamua kwamba anayezidisha siku kumi, hata kama ni za kwake tu, anarudi kuwa mhalifu. Mstari uliowekwa kuwalinda wavutaji ukageuka wa kuwanasa. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2023 iseme kwamba kuzidi kiasi hicho ni dalili tu, si uthibitisho. Fundisho hilo halina gharama kwetu tukilichukua sasa: kizingiti kiwe sakafu inayomlinda aliye chini yake, na kisiwe ushahidi dhidi ya aliye juu yake.

Ujerumani, kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024, imekwenda mbali zaidi. Mtu mzima anaruhusiwa gramu 25 hadharani, gramu 50 zilizokauka nyumbani na mimea mitatu. Ukizidisha kidogo, hadi gramu 30 nje au 60 nyumbani, ni kosa la faini ya kiutawala. Ukipita hapo ndipo jinai inaanza. Ngazi hiyo ya katikati ni ya kuigwa, kwa kuwa mtu hatoki uhuru kamili akatumbukia jela kwa gramu moja. Kwa makosa makubwa mahakama zao hazipimi majani, zinapima THC, kemikali yenyewe inayolevya, na kiwango kimebaki gramu 7.5 za THC safi. Mzigo wa gramu 100 wenye nguvu ya asilimia 15 una gramu 15 za THC. Wenye asilimia 4 una gramu 4. Ni haki zaidi, lakini inahitaji maabara yenye uwezo wa kupima nguvu ya kila mzigo, na sidhani kuiandika leo katika sheria yetu kungeleta kingine zaidi ya kesi zinazoahirishwa zikingoja ripoti.

Basi kwa Kenya ningependekeza hivi. Kifungu cha 3 kitaje gramu 30 za bangi kavu, uzito halisi. Aliye chini ya hapo ahesabiwe mtumiaji, na upande wa mashtaka ukidai anauza ulete ushahidi wa kuuza: mizani ndogo, vifungashio vingi vilivyo sawa, fedha za noti ndogondogo, ujumbe wa simu, shahidi aliyenunua. Aliye juu ya gramu 30 asihukumiwe kwa uzito peke yake. Kifungu cha 2 kitoe kununua, kuhifadhi na kubeba kwa matumizi binafsi nje ya tafsiri ya ulanguzi. Kifungu cha 4 kiwe na jedwali la kila dawa, bangi isikae mstari mmoja na heroini.

Adhabu ya chini ya gramu 30 iwe faini peke yake. Nasema faini peke yake kwa sababu maalumu. Ibara ya 49(2) ya Katiba inasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Leo, kwa kuwa kifungu cha 3 kinafika miaka mitano, ibara hiyo haimgusi mvutaji. Badilisha adhabu na mlango wa rumande unafungwa wenyewe, pasipo waraka wa Inspekta Jenerali wala huruma ya mtu. Kifungu cha 5 nacho kiguswe siku hiyo hiyo: katika sheria ya 1994 kuvuta, au hata kuwa kwenye nyumba ambamo watu wanavuta, kulipewa faini ya 250,000 au miaka kumi. Haiwezekani kuvuta msokoto kuwe kosa kubwa kuliko kuumiliki.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni afya, na sitaki kuipuuza. Bangi inayoanzwa utotoni ina madhara kwenye akili inayokua, na matumizi ya kila siku ya bangi kali yanahusiana na ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu, hasa kwa wenye historia hiyo katika ukoo. Madaktari wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari wanaona hayo. Lakini kijana huyo anahitaji daktari, na rekodi ya jinai humfungia kazi na masomo bila kumpunguzia ugonjwa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mwaka 2022, katika kesi ya watoto, kwamba hata pale ambapo bangi imekatazwa kwa mtoto, njia ya jinai ndiyo isiyofaa. Kwa hiyo marufuku kwa walio chini ya miaka 18 ibaki, na anayewauzia apate adhabu kali, lakini mtoto mwenyewe aende kwa mshauri.

Barabarani hakuna kulegeza. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamhusu anayeendesha akiwa amelewa pombe au dawa, na kinatosha ikiwa tutapima kwa njia sahihi. Mkojo haufai. Mabaki ya bangi hukaa humo kwa wiki kadhaa kwa mtu anayevuta kila siku, na hayasemi lolote kuhusu alivyokuwa kwenye usukani. Ujerumani inatumia nanogramu 3.5 za THC kwa mililita ya maji ya damu, na sifuri kwa madereva wapya na walio chini ya miaka 21. Dereva wa matatu na wa bodaboda wa abiria wawekwe kwenye kundi hilo la sifuri.

Hoja ya pili ni mikataba ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 unazitaka nchi zifanye kupatikana na dawa za matumizi binafsi kuwa kosa, lakini unasema hilo litegemee misingi ya katiba ya kila nchi, na ibara ya 3(4)(d) inaruhusu matibabu, elimu au uangalizi badala ya hukumu na adhabu. Desemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi kwenye Jedwali la IV, la dawa zinazohesabiwa hatari kupindukia, ingawa imebaki Jedwali la I, lenye dawa zinazodhibitiwa. Kupunguza adhabu ya gramu 30 hadi faini hakuvunji mkataba wowote.

Kuhusu maduka na mauzo ya nje nitasema machache tu. Uruguay ilipitisha sheria yake 2013, na maduka ya dawa yalipoanza kuuza Julai 2017 benki zikatishia kufunga akaunti zao kwa kuogopa sheria za Marekani. Thailand ilifungua mlango Juni 2022 bila kanuni za kutosha na miaka mitatu baadaye ikarudi kudai cheti cha daktari. Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, na aliyefaidika zaidi ni mwenye mtaji wa kujenga banda linalotimiza masharti ya dawa ya Ulaya. Mkulima wa milimani aliyelima matekwane, yaani bangi, miaka yote aliachwa nje ya uzio. Anayewaahidi wakulima wa Kenya utajiri wa haraka awaonyeshe kwanza gharama ya banda hilo.

Jambo la mwisho ni wale waliokwisha kuhukumiwa. Ibara ya 50(2)(p) ya Katiba inampa mshtakiwa adhabu nafuu zaidi ikiwa sheria imebadilika kati ya kosa na hukumu. Haimsaidii aliyekwisha kusomewa hukumu, wala haifuti alama za vidole zilizoko DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambazo hujitokeza kila anapoomba cheti cha tabia njema. Kanada ilihalalisha Oktoba 2018, na mwaka uliofuata ikawaondolea watu ada ya dola 631 ya kuomba msamaha wa makosa madogo ya bangi. Waliojitokeza walikuwa wachache sana, kwa sababu kila mmoja alitakiwa kutafuta karatasi za mahakama na polisi na kuomba mwenyewe. Mswada wetu usifanye hivyo. Makosa ya bangi chini ya kifungu cha 3(2)(a) yameandikwa kwa nambari ya kifungu katika kila faili, kwa hiyo Msajili wa Mahakama na DCI wapewe miezi 12 ya kuyapitia na kuyafuta wenyewe, na mwenye rekodi atumiwe ujumbe kwamba imefutwa.